Nani Aliyelipia Ukweli? Fedha, Wachunguzi na Mashahidi katika Habari za Dola Huru la Kongo, 1890–1913

1. Utangulizi

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Methali hii hutumiwa mara nyingi kuwahusu watu wanaotafuta faida, lakini inafaa pia kwa kazi ambayo tumezoea kuidhania kuwa ni ushujaa mtupu: kazi ya mwandishi wa habari anayechunguza maovu ya wenye nguvu. Mwandishi huyo naye hula, hulipa nauli, hununua karatasi, humlipa mpiga chapa, na akishtakiwa humlipa wakili. Habari ya kawaida huweza kuandikwa kwa siku moja. Uchunguzi huchukua miezi, pengine miaka, na katika muda huo hauleti hata senti moja. Kwa hiyo, nyuma ya kila uchunguzi uliobadilisha hali ya jamii pana swali ambalo mara nyingi husahauliwa: ni nani aliyelipa?

Makala hii inakusudia kuliuliza swali hilo kuhusu uchunguzi mmoja unaotuhusu sisi wenyewe, yaani ule uliofichua maovu ya Dola Huru la Kongo, milki ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Habari za mpira, za chikoti na za mikono iliyokatwa zinajulikana, hatutazirudia zote. Tutafuata njia ya fedha. Tutaonyesha kwamba uchunguzi ule usingaliwezekana bila wafadhili. Kwamba wafadhili hao walikuwa na haja zao, na haja hizo ziliweka mipaka ya mambo yaliyochunguzwa. Na kwamba gharama kubwa kuliko zote ililipwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa katika daftari lolote la michango, yaani mashahidi wa Kiafrika.

2. Mtangulizi aliyekufa mapema: George Washington Williams

Mtu wa kwanza kuandika mashtaka kamili dhidi ya utawala wa Leopold alikuwa Mmarekani mweusi, George Washington Williams. Alizaliwa mwaka wa 1849, akawa askari, mchungaji, mwanasheria na mwanahistoria. Mwaka wa 1890 alipanda Mto Kongo hadi Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Wakati ule mji huo ulikuwa na wafanyabiashara na wapagazi wengi waliosema Kiswahili kutoka pwani na Manyema, na Tippu Tip alikuwa amewekwa kuwa liwali wake mwaka wa 1887. Ni hapo Stanley Falls, tarehe 18 Julai 1890, ambapo Williams alitia tarehe barua yake ya wazi kwa mfalme. Katika barua hiyo alipanga mashtaka 12, mojamoja, kama wakili aliye mbele ya mahakama: mikataba ya hila waliyotiwa machifu, watu waliotekwa, vijiji vilivyochomwa, askari waliojilisha kwa kupora.

Nani alilipa safari hiyo? Williams hakuwa tajiri. Alikuwa amepatana na S. S. McClure, Mmarekani aliyekuwa akiuza makala kwa magazeti mengi kwa wakati mmoja, kwamba angemwandikia barua kutoka Kongo. Tena alipata msaada wa Collis P. Huntington, tajiri wa reli wa Marekani, na miongoni mwa maandishi aliyoyatoa Williams mwaka ule imo taarifa juu ya reli iliyokusudiwa kujengwa Kongo. Hapa tunaona jambo litakalojirudia katika historia hii yote. Mfadhili alitaka habari za biashara na njia za usafiri. Mwandishi alikwenda, akaona, akarudi na jambo lingine kabisa. Fedha ndizo zilizomfikisha kwenye maporomoko ya mto, lakini barua aliyoiandika pale hakutumwa na mtu.

Hata hivyo, Williams alikuwa peke yake. Hakuwa na gazeti lake mwenyewe, hakuwa na chama, wala hazina ya kumwezesha kuendelea. Barua yake ilichapishwa kama kijitabu, magazeti yakaizungumzia kwa muda, na magazeti ya Brussels yakamshambulia yeye badala ya kuyajibu mashtaka. Tarehe 2 Agosti 1891 alifariki mjini Blackpool, Uingereza, akiwa hajatimiza miaka 42. Kaburi lake lilikaa bila jiwe lenye jina hadi mwaka wa 1975. Mashtaka yake yalikuwa ya kweli, lakini hakuwapo mtu wa kuyarudia mwezi uliofuata, na mwezi mwingine tena. Miaka kumi ikapita, na katika miaka hiyo kumi mpira ukakusanywa.

3. Karani wa Liverpool na gazeti lake

Aliyeyarudia mashtaka hayo hakuwahi hata siku moja kufika Kongo. Edmund Dene Morel alizaliwa Paris mwaka wa 1873, baba yake Mfaransa na mama yake Mwingereza. Mwaka wa 1891 aliajiriwa kuwa karani katika kampuni ya meli ya Elder Dempster mjini Liverpool. Mshahara ulikuwa mdogo, naye akauongeza kwa kuandika makala juu ya biashara ya Afrika ya Magharibi. Kampuni hiyo ilikuwa na mkataba wa kuchukua mizigo baina ya Antwerp na Kongo, na kwa kuwa Morel alijua Kifaransa vizuri, ndiye aliyetumwa Antwerp mara kwa mara kusimamia mambo hayo.

Bandarini Antwerp aliona mambo ambayo kila karani angeweza kuyaona, lakini hakuna aliyeyajumlisha. Meli zilizotoka Kongo zilijaa mpira na pembe za ndovu. Meli zilizorudi Kongo zilichukua bunduki na risasi kwa wingi, lakini bidhaa za kubadilishana na wakusanyaji wa mpira, kama vile vitambaa, shanga na vyombo, zilikuwa haba mno. Tena hesabu zilizotangazwa na serikali hazikulingana na shehena alizoziona. Ikiwa mali inatoka na hakuna kinachokwenda kuilipa, basi mali hiyo hainunuliwi. Inachukuliwa kwa nguvu. Uchunguzi mzima wa Morel ulianza kwa hesabu hiyo ya kutoa na kujumlisha.

Msomaji atatambua mara moja tatizo la karani huyu. Mkuu wa kampuni iliyomlipa mshahara, Sir Alfred Jones, alikuwa pia konseli wa heshima wa Dola Huru la Kongo mjini Liverpool. Mwaka wa 1900 Morel alitoa mfululizo wa makala katika jarida la Speaker la London bila kutia jina lake. Mkate wake ulikuwa mikononi mwa wale aliowashtaki. Alipokwisha kueleza wazi wasiwasi wake kazini, alitafutiwa njia za kumtuliza: cheo katika nchi ya mbali, kisha malipo ya mwaka kwa kazi ndogo sana ya ushauri. Alikataa. Mwaka wa 1901, akiwa na mke na watoto, aliacha kazi.

Mwaka wa 1903 alianzisha gazeti lake la kila juma, West African Mail. Mtaji wake ulitoka kwa wafanyabiashara. Aliyemsaidia kuliko wote alikuwa John Holt wa Liverpool, mzee wa biashara ya pwani ya Afrika ya Magharibi. Hata Sir Alfred Jones mwenyewe alitia fedha mwanzoni. Pengine alitumaini kwamba mkono unaolisha hautaumwa. Kama hilo ndilo lilikuwa tumaini lake, halikutimia.

Tusimfanye Holt kuwa mtakatifu, wala tusimfanye kuwa mwovu. Alichukizwa kweli na habari za ukatili. Lakini pia alikuwa na hasara yake mwenyewe. Tangu mwaka wa 1899 Ufaransa ilikuwa imeyagawia makampuni misitu ya Kongo yake kwa kuiga mfano wa Leopold, na wafanyabiashara wa Kiingereza, Holt akiwa mmoja wao, walikatazwa kununua mpira mahali walipokuwa wameununua miaka mingi. Morel aliandika kitabu kizima kutetea madai yao, nacho kilitoka mwaka uleule wa 1903. Hivyo hoja kuu ya gazeti ilikuwa hii: mwenyeji ni mwenye ardhi na mazao yake, ana haki ya kumwuzia amtakaye, na kumnyang'anya haki hiyo ndicho chanzo cha ukatili wote. Ni hoja yenye nguvu na yenye ukweli ndani yake. Lakini pia ni hoja iliyomfaa sana mnunuzi aliyefungiwa mlango.

4. Chama, hazina yake na mipaka yake

Mwezi wa Mei 1903 Bunge la Uingereza lilipitisha azimio juu ya Kongo, na konseli wa Uingereza, Roger Casement, akatumwa kwenda juu ya mto kuchunguza. Ripoti yake ilichapishwa mwanzoni mwa mwaka wa 1904. Casement na Morel walipokutana walikubaliana kwamba gazeti peke yake halitoshi; kinahitajika chama. Casement, ambaye hakuwa mtu wa mali, alitoa pauni 100 za kwanza. Chama cha Marekebisho ya Kongo kilizinduliwa Liverpool mwezi wa Machi 1904 mbele ya watu zaidi ya elfu moja.

Hazina ya chama hiki ilijazwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya wafadhili wakubwa wachache, na mkubwa wao alikuwa William Cadbury, wa ukoo wa watengenezaji wa chokoleti wa Birmingham, Mkristo wa madhehebu ya Quaker. Njia ya pili ilikuwa michango midogo ya watu wengi, iliyokusanywa makanisani na katika kumbi za miji. Hapo ndipo ilipofanya kazi kubwa picha ya Alice Seeley Harris, mmisionari wa Baringa. Mwezi wa Mei 1904 alimpiga picha Nsala wa kijiji cha Wala, ameketi barazani, akitazama mkono na mguu wa binti yake, ambavyo ndivyo vilivyobaki baada ya walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR kupita kijijini. Alice na mumewe John Harris walizunguka Uingereza na Marekani wakionyesha picha kama hiyo ukutani kwa taa ya kumulika. Watu waliona, wakalia, wakatoa sarafu zao.

Njia hizi mbili hazilingani. Mchango wa wengi huleta fedha kidogo na uhuru mwingi. Mchango wa mmoja huleta fedha nyingi, na pamoja nazo huleta haya. Kisa cha Cadbury ni fundisho. Katika miaka ileile alipokuwa akilipia uchunguzi wa utumwa wa Kongo, kampuni ya ukoo wake ilikuwa ikinunua kakao ya kisiwa cha São Tomé, iliyolimwa na watu walioletwa kwa nguvu kutoka Angola. Wakurugenzi walipata habari za jambo hilo tangu mwaka wa 1901. Walimtuma mchunguzi wao, Joseph Burtt, mwaka wa 1905. Walisubiri ripoti yake. Walizungumza na serikali. Nao waliacha kununua kakao hiyo mwaka wa 1909 tu. Kabla ya hapo Henry Nevinson, mwandishi aliyetumwa na kulipwa na jarida moja la Marekani, alikuwa amekwisha kusafiri Angola na São Tomé na kutoa kitabu chake mwaka wa 1906. Gazeti la Standard lilipowashutumu Cadbury kwa unafiki, kampuni ililishtaki kwa kashfa. Mwezi wa Desemba 1909 baraza la wazee wa mahakama liliipa kampuni ushindi, lakini fidia waliyoipima ilikuwa farthing moja, yaani robo ya peni.

Kampeni ya Chama cha Marekebisho ya Kongo haikugeuzwa kuelekea São Tomé. Iliwezekana kusema, na kwa haki, kwamba chama kilianzishwa kwa ajili ya Kongo. Lakini mtu asomaye historia hii leo hawezi kutoona kwamba taa ilimulika upande mmoja, na aliyenunua mafuta ya taa alikuwa amesimama upande wa pili.

Mipaka mingine ilitokana na njia zilizoleta habari. Morel alitegemea zaidi barua za wamisionari wa Kiprotestanti wa Uingereza, Marekani na Skandinavia. Kwa sababu hiyo ushahidi mwingi uliochapishwa ulitoka walikokuwa wao: Ekwateri, Ziwa Tumba, Kasai. Casement naye katika safari yake ya 1903 hakufika mashariki. Nchi za Kiswahili za Manyema na Katanga hazikuwa na amani kuliko Ekwateri: zilipitiwa na vita vya 1892–1894 baina ya Dola na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, kisha maasi ya askari ya 1895 na 1897. Lakini nafasi yake katika maandishi ya chama ni ndogo. Ukimya huo wa maandishi usidhaniwe kuwa ni ukimya wa watu. Pale ambapo hakuna wa kulipia stempu ya barua, hata kilio hakisafiri.

5. Penye udhia, penyeza rupia

Wakati wachunguzi walipokuwa wakihesabu sarafu, mfalme alikuwa akihesabu magunia. Mwaka wa 1904 Leopold alianzisha ofisi ya siri ya kushughulikia magazeti. Kazi yake ilikuwa kulipa waandishi na wahariri katika nchi mbalimbali, kuchapa vijitabu, na kuunda vyama vilivyoonekana kuwa huru. Jarida la kila mwezi lililoitwa Ukweli juu ya Kongo lilitolewa katika lugha kadhaa na kugawiwa kwa wasafiri wa treni za kifahari. Gazeti moja kubwa la Berlin lililokuwa limemshambulia mfalme kwa maneno makali mwaka wa 1903 lilikuwa limegeuza kauli kufikia mwaka wa 1905.

Hila iliyo mashuhuri kuliko zote ilifanyika mwezi wa Novemba 1905. Mfalme alikuwa amelazimika kuunda Tume ya Uchunguzi ya watu watatu, Mbelgiji, Mwitalia na Mswisi, akitumaini kwamba ingemsafisha. Tume iliyathibitisha mashtaka. Siku moja kabla ya ripoti kutolewa, magazeti ya Uingereza yalipokea muhtasari wake kwa Kiingereza, uliotayarishwa vizuri na kutumwa na chama kilichojiita cha wamisionari wa Afrika ya Magharibi. Wahariri walifurahi, wakauchapa. Ripoti ilikuwa ndefu na ya Kifaransa, na muhtasari uliwapunguzia kazi. Baadaye ikajulikana kwamba muhtasari haukulingana na ripoti, na waliokwenda kukitafuta chama hicho London walikuta chumba kitupu.

Nchini Marekani Leopold alimwajiri wakili wa San Francisco, Henry Kowalsky, ili awavute wabunge na waandishi upande wake. Mwezi wa Desemba 1906 nyaraka za Kowalsky zikaangukia mikononi mwa New York American, gazeti la tajiri William Randolph Hearst, likazichapa siku kwa siku. Fedha zilizotolewa kuzima habari zikawa ndizo habari, na serikali ya Washington ikaanza kuugeuza msimamo wake. Methali husema njia ya mwongo ni fupi. Katika jambo hili haikuwa fupi sana, lakini ilikuwa na mwisho.

Kutokana na kisa hiki tunapata tofauti moja ya kufaa. Si kweli kwamba kila fedha inayoingia katika uandishi ni hongo. Fedha za Holt zilijulikana, na haja yake ya biashara ilijulikana. Mpinzani aliweza kuitaja, na kwa kweli watetezi wa Leopold waliitaja kila siku. Fedha za ofisi ya siri hazikujulikana, na nguvu yake yote ilikuwa katika kutojulikana. Msomaji anaweza kuipima habari ikiwa amejua aliyeilipia. Akifichwa jina la mlipaji, amenyang'anywa mizani.

6. Waliolipa bila fedha

Sasa tufike kwa wale ambao historia ya wafadhili haiwataji. Lontulu, chifu wa Bolima, alikuja mbele ya Tume ya Uchunguzi na vijiti 110. Aliviweka chini kimojakimoja. Kila kijiti kilikuwa mtu wa kwake aliyeuawa kwa ajili ya mpira, na urefu wa kijiti ulionyesha kama alikuwa mkubwa wa ukoo, mwanamume, mwanamke au mtoto. Tukitafuta mchunguzi wa kwanza katika historia hii, basi ni huyu. Hakuwa na karatasi, wala mpiga chapa, wala mfadhili, lakini alikuwa na ushahidi uliohesabiwa, uliopangwa kwa aina na kutunzwa hadi siku ya kuutoa. Kuja kwake mbele ya Tume, chini ya utawala uleule aliokuwa akiushtaki, kulikuwa kulipa.

Mwingine ni Hezekiah Andrew Shanu. Alizaliwa mwaka wa 1858 karibu na Lagos, akaja Boma mwaka wa 1884 kufanya kazi serikalini, kisha akawa mfanyabiashara na mpiga picha aliyeheshimiwa. Yeye alimpelekea Morel nyaraka za mahakama ya Boma zilizoonyesha kwamba maofisa wenyewe waliujua ukatili na kuukubali. Alipotambuliwa, wafanyakazi wa serikali walikatazwa kununua kwake. Biashara ikafa. Mwezi wa Julai 1905 alijiua. Hakuna chama kilichokuwa na mfuko wa kumlinda mtoa habari aliyebaki Boma. Mfuko ulikuwa wa kuchapa alichokileta.

Huko Kasai, mchungaji William Sheppard, Mmarekani mweusi wa misheni ya Kipresbiteri, aliandika mwaka wa 1908 katika Kasai Herald, jarida dogo la misheni lililotolewa Luebo, jinsi kampuni ya Kasai ilivyowadhulumu Wakuba. Jarida hilo liliandikwa kwa ajili ya waumini wa Marekani walioichangia misheni, yaani lilikuwa barua kwa wafadhili. Kampuni ilimshtaki kwa kashfa. Wakili wake, Émile Vandervelde, kiongozi wa wasoshalisti wa Ubelgiji, alisafiri hadi Leopoldville, na mwezi wa Oktoba 1909 mahakama ikamwachilia Sheppard. Lakini Wakuba waliomsimulia hayo hawamo katika hukumu hiyo isipokuwa kama kundi.

Maneno ya mashahidi waliosikilizwa na Tume, ambayo ni mamia, hayakuchapishwa. Mashahidi walisema kwa lugha zao, wakatafsiriwa, wakaandikwa kwa Kifaransa, wakafungiwa katika nyaraka za serikali mjini Brussels. Watafiti waliruhusiwa kuyasoma katika miaka ya 1980 tu. Kwa muda wa miaka karibu 80 dunia ilimjua Morel na Casement, lakini haikuweza kumsikia mtu mmojammoja aliyesimama mbele ya Tume. Leopold alichoma nyaraka zake mwaka wa 1908, kabla ya Ubelgiji kuitwaa Kongo tarehe 15 Novemba mwaka huo. Zile zilizosalia zikafungiwa. Moto na kufuli vilikuwa na kazi moja.

7. Hitimisho

Chama cha Marekebisho ya Kongo kilijivunja mwaka wa 1913, kikisema kazi yake imekwisha. Ni kweli kwamba utawala wa mfalme mmoja ulikwisha, na makusanyo ya mpira kwa bunduki yalipungua sana. Ni kweli pia kwamba chikoti kilibaki, kodi iliyomlazimisha mtu kwenda kufanya kazi ilibaki, na ardhi haikurudi kwa wenyewe kama Morel alivyotaka. Wafadhili walipoona mlango wa biashara umefunguliwa na bendera imebadilika, hazina ilifungwa. Walioendelea kuumia hawakuulizwa kama uchunguzi umekwisha.

Swali hili si la makumbusho. Baada ya tarehe 24 Aprili 1990, ulipotangazwa mwisho wa chama kimoja, magazeti mengi yalizaliwa nchini mwetu, na mengi yakafa kwa njaa. Palipokosekana mshahara pakaingia desturi ambayo waandishi wa Kinshasa huiita coupage, yaani mwenye habari kumlipa mwandishi aliyekuja kuisikiliza. Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka wa 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Hirondelle la Uswisi, ilionyesha kwamba mwandishi anayelipwa vizuri huweza kufanya kazi nzuri kwa Kiswahili, Lingala, Tshiluba, Kikongo na Kifaransa. Lakini wawili kati ya waandishi wake waliuawa Bukavu, mwaka wa 2007 na mwaka wa 2008. Na mwaka wa 2021 ilijulikana kwamba watu wawili waliokuwa wafanyakazi wa benki mjini Kinshasa, waliotoa nyaraka kwa wachunguzi wa nje, walihukumiwa kifo bila wao kuwapo mahakamani. Shanu angaliwatambua mara moja.

Kutokana na historia hii, anayetaka kufadhili uchunguzi kwa faida ya jamii anaweza kujifunza mambo matatu. Kwanza, asichoke mapema: Williams alikosa mtu wa kuendeleza kazi yake, na miaka kumi ikapotea. Pili, jina lake na haja yake vijulikane, tena michango midogo ya wengi iheshimiwe kuliko mmoja mkubwa, ili mchunguzi aweze kumgeukia hata mfadhili wake inapobidi. Tatu, fungu la kwanza la fedha liwe la kumlinda shahidi, kabla ya fungu la kuchapa maneno yake.

Nasi tulio katika masomo ya Kiswahili na lugha za nchi hii tuna sehemu yetu katika kazi hiyo. Masimulizi ya wakati wa mpira na ya vita vya mashariki yamo bado katika nyimbo, katika majina ya mahali, katika neno Bula Matari ambalo wazee wetu waliiitia serikali. Kuyakusanya kunataka nauli, daftari na muda, na hakuna kampuni ya meli wala ya chokoleti itakayoona faida ndani yake. Vijiti vya Lontulu vilikuwa 110, naye alivihesabu mwenyewe. Vijiti vya Manyema bado havijahesabiwa.